Mti wa Krismasi Unakubali Mtwara na Lindi? Inategemea Umepewa Upi

Nenda kwa wauza miche wa Mtwara mjini au Lindi mwezi wa Desemba uombe "mti wa Krismasi". Unaweza kurudi nyumbani na mti wowote kati ya mitano, na hakuna muuzaji atakayekuwa amekudanganya. Mmoja atakupa mkrismasi, ule unaomwaga maua mekundu barabarani mwishoni mwa mwaka. Mwingine atakupa mvinje. Wa tatu ataleta mwashoki, ule mrefu mwembamba unaopangwa kando ya kuta. Wa nne atatoa saipresi iliyoshuka na lori kutoka nyanda za juu, na wa tano atakuonyesha araukaria, yenye matawi yaliyopangwa ngazi juu ya ngazi, na bei yake pengine itakufanya uulize mara mbili.

Huu ndio wakati ambao mvua zimeanza, fedha ya korosho imeingia, na waliomaliza kupaua nyumba wanataka ua upendeze. Basi maswali ni mengi. Mbona wangu umekauka kuanzia ndani? Ni kweli miti hii inataka baridi? Nikiukata kichwa utatanuka? Majibu yanapishana sana mitaani, na sababu kubwa ni kwamba kila anayejibu ana mti wake kichwani, tofauti na ule wa aliyeuliza.

Mti wa koni ni upi

Miti tunayoizungumzia hapa ni ya koni. Ni miti isiyotoa maua. Mwembe huchanua, ua likageuka tunda, na mbegu ikafungwa ndani yake. Mti wa koni haupiti njia hiyo. Mbegu zake hukaa bila kufunikwa na tunda, juu ya magamba yaliyobanana pamoja, na fungu hilo la magamba ndilo koni yenyewe. Msonobari, saipresi, mtarakwa na araukaria wote wamo katika kundi hili.

Majani membamba peke yake hayatoshi kuwa kigezo, na hapo ndipo watu wa pwani tunapotegwa na mvinje. Mvinje una kila dalili za kukudanganya: nyuzi nyembamba zinazovuma kwa upepo, na vitu vidogo vigumu vinavyoanguka chini vikifanana kabisa na koni. Chuma uzi mmoja uutazame kwa karibu. Utaona una vifundo, na ukiuvuta utaachia penye kifundo. Huo ni kijitawi, si jani. Majani halisi ni vijimeno vidogo mno vinavyozunguka kila kifundo, na ile "koni" ni tunda lililotokana na maua madogo ambayo wengi hatuyaoni. Kwa hiyo mvinje uko karibu zaidi na mwembe kuliko na msonobari. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani, ndiyo maana unastawi kwenye mchanga mtupu wa ufukweni ambako mimea mingi hudumaa.

Mwashoki nao si wa koni. Una majani mapana marefu yenye kingo za mawimbi, na ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Mkrismasi wa maua mekundu asili yake ni Madagaska, na ni wa ukoo wa mikunde. Yote mitatu ni miti mizuri ya pwani. Tatizo linakuja pale mtu anapochukua ushauri wa mti wa koni akautumia kwenye mwashoki, au anapoupogoa mti wa koni kama anavyopogoa mvinje.

Hadithi ya baridi

Wanaosema miti ya koni inataka baridi hawajakosea kabisa. Tanzania ina miti ya koni ya asili, na karibu yote iko milimani: mtarakwa, na jamii ya podo ya Usambara na milima mingine. Misonobari iliyoletwa kutoka nje imejaa Sao Hill kule Mufindi, mahali ambapo watu huvaa sweta mchana. Saipresi tunayoijua asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati. Mti wa aina hiyo ukiushusha Shangani au Mikindani, pwani ya Mtwara, unakutana na usiku wenye joto. Mmea hutengeneza chakula mchana kwa jua, kisha usiku hutumia sehemu ya chakula hicho kupumua, na joto la usiku huongeza matumizi. Mti uliozoea usiku wa baridi unajikuta unatumia kile ambacho ungekiweka akiba ya kukua. Haufi siku hiyo. Hudhoofika, ukapoteza rangi, kisha wadudu na magonjwa wakaukuta hauna nguvu ya kujitetea.

Saipresi ina adui mwingine wa kumjua. Mwaka 1986 vidukari wa saipresi walionekana Malawi, na ndani ya miaka michache walikuwa wamefika Tanzania na Kenya. Hukaa kwenye vijitawi wakifyonza utomvu, na mti hugeuka kahawia tawi baada ya tawi, mara nyingi kuanzia ndani. Mwenye mti hudhani ni kiu, akaongeza maji. Ukiona ukavu wa namna hiyo, fungua matawi utazame kama kuna wadudu wadogo wa rangi ya udongo waliojipanga, au utando mweusi kama masizi. Utando huo huota juu ya ule utamutamu wanaoutoa.

Msonobari nao una sharti lake ambalo wauzaji wachache hulitaja. Mizizi yake hutegemea aina maalumu za kuvu wanaoishi nayo: kuvu huleta maji na madini, mti hutoa sukari. Udongo wetu kwa asili haukuwa na kuvu hao, kwa sababu misonobari si miti ya hapa. Mashamba ya kwanza ya misonobari katika sehemu nyingi za Afrika yalisumbua hadi ilipogundulika kwamba miche lazima ipate udongo uliotoka kwenye misonobari iliyokwisha kukua. Ndugu akikuletea mche wa msonobari kutoka Iringa, aulete na udongo wake. Uliong'olewa ukaoshwa mizizi umeacha nusu ya maisha yake huko ulikotoka. Hata ukija vizuri, wa kupanda pwani ni msonobari wa Karibea, ambao asili yake ni nchi za joto, siyo wa Mufindi.

Kwa hiyo jibu la swali la baridi linategemea mti. Saipresi na misonobari ya milimani mimi nisingeipanda mjini Mtwara wala Lindi. Newala, kule juu ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na mwinuko wa Rondo kuna nafuu ya hewa, na mtu anaweza kujaribu. Ila pwani yenyewe mti wa koni uliozaliwa kwa mazingira kama yetu ni araukaria.

Araukaria

Jina lake la kitaalamu ni Araucaria heterophylla, na kwao ni Norfolk, kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki kati ya New Zealand na New Caledonia. Nahodha Mwingereza James Cook alipopita huko mwaka 1774 aliiona ilivyonyooka akadhani itafaa kwa milingoti ya meli. Mti uliokulia kwenye kisiwa cha namna hiyo umezoea upepo wa bahari wenye chumvi, ndiyo sababu umepandwa katika miji mingi ya pwani za joto duniani. Majani yake magumu yenye ngozi ya nta hayapitishi maji ovyo. Mchanga wetu unaopitisha maji haraka ni rafiki yake kuliko mfinyanzi unaotuama. Mahali penye mwamba wa matumbawe karibu na juu, chokaa ikizidi mti unaweza kushindwa kupata madini ya chuma na majani yakawa ya njano. Hapo mboji nyingi husaidia kuliko mbolea ya dukani.

Uzuri wake wote unatokana na ncha moja. Ncha ya juu kabisa hupanda, ikatoa duara la matawi, mara nyingi manne hadi saba, kisha ikapanda tena na kutoa duara jingine. Kila ngazi unayoiona ni kazi ya ncha hiyo. Kila mtu wa Lindi anajua kwamba mnazi uliokatwa kilele umekwisha, hata kama shina limesimama. Araukaria haifi hivyo. Inaweza kutoa ncha nyingine pembeni, au mbili au tatu zinazogombana, lakini lile umbo lililokufanya uinunue halirudi. Kwa hiyo wanaosema "ukate kichwa utanuke" wanakupa ushauri wa kuharibu. Matawi ya chini nayo yakikauka au yakikatwa hayachipui tena mahali pale. Vivyo hivyo kwa saipresi: ukikata hadi kwenye mti mkavu wa ndani usio na majani, sehemu hiyo itabaki wazi. Mti wa koni unapogolewa kwenye ncha za kijani tu, kidogo kidogo.

Ncha hiyo hiyo ndiyo inayofafanua jambo linalowashangaza wengi, yaani mche unaokua kwa ubavu. Kipandikizi kilichochukuliwa kwenye tawi la pembeni huendelea kujiona tawi la pembeni. Kitatoa mizizi, kitakuwa cha kijani, lakini kitatambaa na hakitasimama wima, hata ukikifungia nguzo ya chuma. Mti ulionyooka hutokana na mbegu au na ncha ya juu ya mti mwingine, na mbegu zake hupoteza uhai haraka zisipopandwa zikiwa mpya. Hiyo ni sababu mojawapo ya bei kuwa juu. Ukienda kununua, tazama kama mche una ncha moja iliyosimama katikati na kama matawi yanaizunguka pande zote sawasawa. Tazama pia kama ni mti mmoja. Wakuzaji hupenda kupanda mbegu tatu au nne kwenye kiriba kimoja ili uonekane umejaa, na baadaye miti hiyo husongana.

Kuna ndugu yake wa New Caledonia, araukaria ya Cook, mwembamba zaidi, na wakiwa wachanga hata wakuzaji huwachanganya. Huyu ana tabia ya kipekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima miti hiyo katika mabara matano, ulikuta inainama kuelekea ikweta, kwa wastani zaidi ya nyuzi 8. Ya kusini mwa ikweta huinama kaskazini, ya kaskazini huinama kusini. Ukiona mti wako wa Mtwara unalalia upande wa Lindi taratibu, mwaka baada ya mwaka, huenda ndiyo asili yake. Kama umeinama ghafla na udongo wa upande mmoja wa shina umepasuka au kuinuka, hiyo ni mizizi inaachia, na usilale chumba kilicho upande ule.

Ukubwa na upepo

Hapa ndipo ningependa kila mnunuzi asimame kidogo. Mche wa meta moja kwenye kiriba unapendeza sebuleni. Kwao Norfolk mti huo hupita meta 50, na hata ukipandwa mjini unaweza kufika meta 20 na zaidi. Kiwanja cha kawaida cha 20 kwa 20, chenye nyumba, choo, kisima na nyaya za umeme zikipita mbele, hakina nafasi ya mti wa namna hiyo.

Kuna na suala la kuanguka. Kustahimili upepo wa chumvi si sawa na kustahimili kimbunga. Watafiti wa Florida, Marekani, waliochunguza miti mijini baada ya vimbunga waliiweka araukaria ya Norfolk pamoja na mvinje katika kundi la miti dhaifu zaidi mbele ya upepo mkali. Sisi wa kusini hatuwezi kulichukulia hilo kwa wepesi. Kimbunga kilipiga Lindi mwaka 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, na watu wa Mtwara walihamishwa kwa tahadhari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa na upepo Lindi na Mafia. Vimbunga bado ni nadra kwetu, lakini mti huu unaishi zaidi ya miaka 100, na katika miaka hiyo huenda ukakutana navyo zaidi ya mara moja.

Ushauri wangu ni huu. Kama una eneo kubwa, au ni shule, msikiti, kanisa au ofisi yenye uwanja, panda ardhini mbali na majengo, umbali usiopungua urefu unaotarajia mti ufikie. Kama una kiwanja cha kawaida, weka araukaria kwenye chungu kikubwa. Chungu hubana mizizi, na mti hukaa wa kimo cha mtu kwa miaka mingi ukiwa na umbo lake kamili. Ukitaka cha kupanda ardhini karibu na baraza, tafuta tuya, mti mfupi wa koni wenye majani bapa yaliyosimama wima, unaovumilia joto kuliko saipresi na usiozidi meta chache kwa miaka mingi.

Kupanda

Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na hilo linaamua karibu kila kitu. Mche uliopandwa Desemba, ardhi ikiwa imelowa hadi chini, una miezi minne ya kusambaza mizizi kabla kusi haijaanza kukausha kila kitu. Uliopandwa Machi unaingia kiangazi ukiwa bado haujajishika. Usiharakishwe na mvua ya kwanza. Chimba, na kama chini ni vumbi, subiri.

Shimo liwe pana mara mbili ya kiriba lakini lisizidi kina chake, ili shina likae usawa uleule lilivyokuwa kitaluni. Mti wa koni uliozikwa shina huoza taratibu, na mwenyewe hujui kwa nini. Toa kiriba chote. Naandika hili kwa sababu miti mingi hupandwa na nailoni yake, ikaishi mwaka mmoja na kudumaa. Changanya mboji iliyoiva na udongo uliouchimba, na uache samadi mbichi, kwa kuwa huunguza mizizi.

Kiangazi cha kwanza ndicho kigumu. Ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, imwagwe polepole, inafaa kuliko kikombe kila jioni, kwa sababu maji machache hufundisha mizizi kukaa juu. Newala na Tandahimba, ambako maji ni fedha, maji yaliyooshea mchele na mboga yanatosha, mradi hayana sabuni kali. Kisima cha pwani chenye chumvi sana usikitegemee kwa mche mchanga: chumvi inayopeperushwa kwenye majani ni jambo moja, chumvi inayolundikana kwenye mizizi ni jingine. Tandaza makumbi ya nazi au majani makavu kuzunguka mti, ukiacha shubiri moja wazi karibu na shina. Matandazo yakigusa shina, mchwa hupata njia ya kivuli hadi kwenye gome, na mchwa wa kiangazi huua miche mingi.

Yanayosemwa

"Majani yake yanachachusha udongo, hapaoti kitu." Majani mabichi ya msonobari kweli yana uchachu kidogo, lakini yakioza hayabadilishi udongo kwa kiasi cha kutisha. Nyasi zinakosekana chini ya mti kwa sababu ya kivuli, mizizi inayowania maji, na zulia nene la majani makavu.

"Unakausha visima." Tafiti za muda mrefu za Afrika Kusini zimeonyesha kwamba mashamba makubwa ya misonobari hupunguza maji ya vijito. Hilo ni la mashamba ya hekta nyingi. Mti mmoja uani hutumia maji yaliyo karibu na mizizi yake, na utawania na mchicha wako, siyo na kisima cha jirani.

"Ukifika urefu wa paa mwenye nyumba anakufa." Wazee wengine huyasema haya kuhusu miti kadhaa, na nawaheshimu. Mti unaoishi zaidi ya karne lazima uwazike wengi waliouona, akiwemo aliyeupanda, na hilo lingetokea hata kama ungekuwa mwembe.

"Unavuta radi." Hili lina ukweli. Radi hupendelea kitu kirefu kilichosimama peke yake, uwe wa koni au mnazi. Kati ya Desemba na Machi, mawingu yakiwa mazito, watoto wasijikinge chini yake.

Limebaki swali la mti wa chunguni uliopambwa taa ndani ya nyumba. Sebule yenye mapazia ina giza kwa araukaria, na ukikaa humo miezi mingi matawi ya chini huinama kisha hukauka, nayo hayarudi. Wiki mbili tatu za sikukuu haziudhuru. Baada ya hapo utoe barazani penye kivuli chepesi kwa siku kadhaa kabla ya kuupeleka juani moja kwa moja, maana majani yaliyozoea giza huungua. Ugeuze chungu robo mzunguko kila wiki ili usilalie upande wa mwanga. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mvua zinapoanza, uhamishe kwenye chungu kikubwa zaidi kidogo, na mizizi iliyojizungusha ukutani mwa chungu uifungue kwa vidole bila kuikata sana.